Aliyeshtakiwa kwa ukahaba naye ana utetezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja ambayo wasomaji wamekuwa wakiirudia tangu misako ya usiku kwenye maeneo ya baa na nyumba za wageni jijini Dar es Salaam irudi kuwa habari ya kurasa za mbele, hasa baada ya ule msako wa Juni 2024 wa Sinza, Wilaya ya Ubungo, uliozua mjadala nchi nzima. Hoja yenyewe ni kwamba wanawake wanaokamatwa katika misako hiyo hawana cha kujitetea: wamekutwa usiku, wamekutwa mahali panapojulikana, wamevaa walivyovaa, basi kilichobaki ni hakimu kutaja adhabu. Msomaji mmoja alifika mahali pa kuuliza kwa nini wakili apoteze muda wake kusimama kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Mimi ni wakili wa kujitegemea, nimewahi kusimama kwa ajili yao, na ningependa kueleza kwa nini, kwa kuwa naamini wengi wanaouliza hivyo hawajawahi kukisoma kifungu chenyewe wala kukaa kwenye benchi la nyuma mahakamani asubuhi inayofuata msako.

Sheria inayotumika mara nyingi ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na namba nitakazotaja ni za Toleo la 2022. Zinahusu Tanzania Bara tu, kwani Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu ya mwaka 2018. Kifungu cha 176 kinaorodhesha watu wanaohesabiwa kuwa wazembe na wakorofi, na miongoni mwao, kabla hata ya kufika kwa ombaomba, kinamtaja kahaba anayefanya fujo au mambo yasiyo ya adabu mahali pa hadhara, au anayezurura au kushawishi watu mahali pa hadhara kwa lengo la ukahaba. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500 au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Nimewahi kumwona ndugu wa mshtakiwa akiisoma hiyo shilingi 500 mara mbili, akidhani kuna sifuri zimedondoka katika kuchapa. Hazikudondoka. Fedha hiyo siku hizi haitoshi hata nauli ya daladala, na hilo peke yake linaonyesha jinsi kifungu hiki, chenye mizizi katika enzi za Mwingereza, kilivyopitwa na wakati, ingawa kinaendelea kuwapeleka watu rumande.

Yapo makosa mengine yanayoandamana nalo, nayo ni mazito zaidi. Kifungu cha 145 kinamhusu mwanamume anayeishi kwa kutegemea mapato ya ukahaba wa mtu mwingine, cha 146 kinamhusu mwanamke anayemtawala au kumwongoza kahaba ili apate faida, na cha 148 kinamhusu anayeendesha danguro. Juu ya hayo kuna makosa ya kumtafutia mtu wateja wa ngono, na kuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, ambayo humlenga anayemtoa binti kijijini kwa ahadi ya kazi za ndani na kumfikisha mjini kwenye chumba chenye foleni ya wanaume. Sina neno la kuwatetea watu wa aina hiyo katika barua hii, ingawa nao wana haki ya kusikilizwa. Ninachoomba msomaji akitazame ni hiki: usiku wa msako, wanaopakiwa kwenye gari kwa kawaida ni wanawake waliokuwa barabarani au ndani ya baa, na katika majalada ambayo nimewahi kuyasoma ni nadra mno kumkuta mwenye nyumba, mpangishaji au anayechukua fungu lake kila alfajiri.

Sasa turudi kwenye kifungu cha 176, kwa sababu ndicho kinachowabana wengi. Mtu akishtakiwa chini yake, upande wa mashtaka unabeba mzigo wa kuthibitisha mambo kadhaa kwa pamoja, tena pasipo kuacha shaka ya msingi. Lazima uthibitishe kwamba mshtakiwa ni kahaba, yaani mtu ambaye kujiuza ni mwenendo wake, jambo ambalo halithibitishwi kwa askari kusema tu kwamba anamfahamu kwa sura. Lazima uthibitishe kwamba mahali alipokamatiwa palikuwa pa hadhara, kwa hiyo aliyetolewa ndani ya chumba cha nyumba ya wageni alichokilipia anaingia katika kifungu hiki kwa shida kubwa, hata kama maelezo ya kosa yamemwandika kuwa alikuwa mtaani. Na juu ya yote lazima uthibitishe lengo. Kusimama barabarani saa 8 usiku si kosa, kuvaa gauni fupi si kosa, na kuwa jirani na baa si kosa. Hakuna sheria ya Bunge inayomtaka mwanamke awe ndani kabla ya saa fulani. Kosa linazaliwa pale tu lengo la ukahaba linapoungana na kuzurura au kushawishi, na lengo huonekana kwa matendo: amemsimamisha nani, amesema nini, ametaja bei gani, nani amesikia.

Hapo ndipo mashauri mengi yanapotoboka. Shahidi huwa ni askari mmoja au wawili waliokuwa ndani ya gari, walioshuka na kukamata kila mwanamke aliyekuwa upande ule wa barabara. Akiulizwa na wakili alimwona mshtakiwa kwa dakika ngapi kabla ya kumkamata, mwanga ulitoka wapi, alikuwa amesimama na nani, na kwa nini mwanamume aliyekuwa anazungumza naye hakukamatwa wala kuandikwa kuwa shahidi, majibu huanza kupungua. Sisemi kwamba askari hao ni waongo. Nasema kwamba kazi waliyotumwa haikuwa ya kukusanya ushahidi dhidi ya mtu mmoja mmoja, na mahakama haiwezi kumtia mtu hatiani kwa sababu ya mtaa aliokutwa. Vilevile, sheria yetu ya ushahidi hairuhusu upande wa mashtaka uanze kwa kuonyesha kwamba mshtakiwa ana tabia mbaya ili mahakama iamini kwamba usiku huo pia alitenda kosa.

Niongeze jambo moja kuhusu kondomu, kwa kuwa limekuwa likinikera. Katika misako mikoba hupekuliwa, na kondomu zikipatikana huchukuliwa kuwa ni uthibitisho. Serikali hiyohiyo, kupitia vituo vya afya na chini ya uratibu wa TACAIDS, yaani Tume ya Kudhibiti UKIMWI, imetumia miaka zaidi ya 20 kuwaomba wananchi wabebe kondomu, na imezigawa bure hata kwenye baa. Mwanamke akiona kwamba zile alizopewa mchana na mhudumu wa afya zitasomwa usiku kama kielelezo, atazitupa, na hasara yake itakuwa ya kwake, ya mumewe, na ya mume wa mwingine. Kwa upande wa sheria, kondomu kwenye mkoba inaonyesha tu kwamba mtu anafikiria kujikinga, na haisemi lolote kuhusu malipo wala kuhusu barabara aliyosimama. Na upekuzi wenyewe una masharti: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa kuzingatia staha. Mgambo wa kiume kutia mkono kwenye mkoba na mifuko ya msichana mbele ya simu zinazorekodi ni uvunjaji wa sheria, na wakili ana haki ya kuuliza juu yake mahakamani.

Basi kama utetezi upo na una nguvu kiasi hicho, kwa nini wengi wanatiwa hatiani? Jibu langu ni kwamba wanakiri kosa kabla ya mtu yeyote kuwaeleza kosa ni nini. Hili ndilo lililonifanya niandike.

Nimewahi kumtetea mhudumu wa baa aliyekamatwa hatua chache kutoka mlango wa kazini kwake, muda mfupi baada ya baa kufungwa, akimsubiri bodaboda aliyezoea kumpeleka nyumbani. Alikuwa bado amevaa fulana ya kazi, na mfukoni alikuwa na funguo za kaunta pamoja na daftari dogo la madeni ya wateja. Hati ya mashtaka aliyosomewa ilikuwa na majina ya wanawake wengi kwa pamoja, na maelezo ya kosa yalikuwa sentensi moja kwa wote: kwamba usiku huo, katika mtaa huo, walikutwa wakizurura kwa lengo la kufanya ukahaba. Alipoulizwa kama ni kweli au si kweli, alijibu, "Ni kweli nilikuwepo pale, nilikuwa nasubiri usafiri." Kumbukumbu ya shauri ikabeba maneno mawili ya mwanzo, mengine yakapotea hewani. Dada yake alinipigia simu asubuhi hiyo, na nilipofika niliomba asomewe upya, peke yake, na maneno yake yaandikwe yote. Shauri likasikilizwa, upande wa mashtaka ukakosa shahidi aliyemwona akizungumza na mtu yeyote, na mahakama ikaona hana kesi ya kujibu. Wenzake aliokuwa nao kwenye benchi walikuwa wameshakubali, wameshahukumiwa, na baadhi yao walikuwa na maelezo yanayofanana na yake.

Namna ya kupokea jibu la mshtakiwa si jambo la kubuni kila asubuhi. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki na inayofuatwa mpaka leo hapa kwetu, Kenya na Uganda, ilielezwa kwamba mshtakiwa asomewe shtaka na kuelezwa viini vyake vyote katika lugha anayoielewa. Majibu yake yaandikwe kwa kadiri inavyowezekana kwa maneno yake mwenyewe. Akikubali, upande wa mashtaka ueleze mambo yaliyotokea. Na yeye apewe nafasi ya kuyakubali, kuyakataa au kuongeza lake. Akisema jambo linalotia shaka kama kweli alitenda kosa, jibu la kukiri libadilishwe liwe la kukana, na shauri lisikilizwe. Mwanamke anayesema "nilikuwepo lakini nilikuwa nasubiri usafiri" hajakiri. Anayesema "mimi nauza mwili ila jana nilikuwa natoka dukani" naye hajakiri, hata kama jibu lake litawashangaza walioketi mahakamani, kwa sababu kifungu hakiadhibu alivyo, kinaadhibu kuzurura au kushawishi kwa lengo hilo usiku uliotajwa.

Kwa nini basi wanakubali? Wengine wameambiwa kituoni kwamba ukikubali utalipa faini kidogo na kuondoka, ukikataa utakaa gereza la Segerea mpaka uchoke. Wengine hawana mdhamini, kwa kuwa mdhamini anatakiwa kuja na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, na kumwita baba mdogo au shangazi aje mahakamani maana yake ni kumwambia ulikamatwa kwa kosa gani. Kwa binti aliyetoka Singida au Kigoma na ambaye nyumbani wanajua anauza duka Kariakoo, huo ni ugumu kuliko miezi 3 ya jela. Wengine wana mtoto mchanga aliyeachwa kwa jirani tangu jana jioni. Mtu aliye katika hali hiyo hahesabu viini vya kosa, anahesabu saa.

Wananchi wafahamu pia kwamba kukiri kuna gharama ya kudumu. Aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake hawezi kukata rufaa kupinga hatia, isipokuwa ukubwa au uhalali wa adhabu, na Mahakama Kuu imekubali mianya michache tu kwa anayetaka kuvunja hatia ya namna hiyo: kwamba jibu lake halikuwa la wazi, kwamba alikubali kwa kukosea au kutoelewa, kwamba hati ya mashtaka haikuonyesha kosa lolote, au kwamba mambo aliyokubali hayawezi kisheria kuunda kosa hilo. Mashauri mengi ya namna hii huanzia mahakama za mwanzo, na rufaa kutoka huko kwenda mahakama ya wilaya hutakiwa kufunguliwa ndani ya siku 30. Yanayoanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi huenda Mahakama Kuu, ambako taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Mwanamke aliyetoka jela baada ya miezi 2 na nusu anakuta milango hiyo yote imefungwa, na hati yake ya hatia inamfuata siku atakayoomba kazi inayohitaji cheti cha polisi cha mwenendo mwema.

Hata pale ambapo kosa limethibitishwa kwa haki, adhabu si lazima iwe jela. Kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kinairuhusu mahakama kumwachia mtu kwa masharti au bila masharti, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 atumikie kwa kufanya kazi za jamii badala ya kulala gerezani. Hakimu anahitaji kuambiwa mambo yanayomwezesha kuchagua njia hizo: kwamba ni kosa la kwanza, kwamba mshtakiwa ana watoto wanaomtegemea, kwamba ameshakaa mahabusu siku kadhaa. Mwanamke asiye na wakili, akipewa nafasi ya kuomba nafuu ya adhabu, kwa kawaida husema "naomba mnisamehe" na kunyamaza.

Liko pia suala la nani anakamata na kwa mamlaka gani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48 endapo kuna hatari ya kuvunjwa kwa amani ambayo haiwezi kuzuiwa kwa njia nyingine, na inataka sababu ziandikwe na mtu huyo afikishwe mahakamani. Ni uwezo wa kuzuia hatari. Haukuwekwa uwe adhabu ya kufundishia watu adabu, na sioni ni hatari gani ya kuvunja amani anayokuwa nayo mwanamke anayekunywa soda kwenye kiti cha baa yenye leseni ya wilaya hiyohiyo. Mtuhumiwa aliyekamatwa na polisi ana haki ya kuelezwa kosa lake, kuwasiliana na ndugu au wakili, na kama hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kwa kosa dogo la namna hii, kufikiriwa kupewa dhamana kituoni. Ijumaa usiku inapendwa sana kwa misako, na kila wakili wa jinai anajua sababu: mahakama zinafunguliwa Jumatatu.

Wakenya wametutangulia katika hili kwa kipengele kimoja ambacho ninatamani tungekuwa nacho. Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 49, inasema mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6. Kwa kipimo hicho, hakuna mtu angelala Segerea kwa kifungu chetu cha 176 akisubiri shauri lake.

Nchi nyingine jirani nazo zimekuwa zikitazama upya sheria hizi, na si kwa sababu zimeacha maadili yao. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Malawi, mbele ya Jaji Zione Ntaba, ilifuta hatia za wanawake 19 waliokuwa wametozwa faini kwa kosa la kuishi kwa mapato ya ukahaba, ikieleza kwamba kifungu hicho kililenga wanaowanyonya makahaba na hakikuwekwa kwa ajili ya kuwaadhibu wanawake wenyewe. Nchini Uganda, ambako sheria ni kali kuliko yetu na ukahaba wenyewe una adhabu inayofika kifungo cha miaka 7, Mahakama ya Katiba ilibatilisha mwezi Desemba 2022 vipengele vya sheria ya uzururaji vilivyokuwa vikitumika kuzoa watu mitaani. Rwanda, ilipotunga sheria mpya ya makosa na adhabu mwaka 2018, iliacha kumhesabu anayejiuza kuwa mhalifu na ikabaki kuwaadhibu wanaomtumia.

Na hapa nyumbani, Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020, kwa maombi ya Umoja wa Wanasheria wa Afrika, ikisema kwamba sheria za uzururaji zinazomwadhibu mtu kwa hali yake badala ya kitendo chake haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Najua maoni ya ushauri si hukumu, na najua kwamba Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo. Lakini Mkataba bado ni wetu, tumeusaini na kuuridhia, na wakili anayemtetea mshtakiwa wa kifungu cha 176 ana kila sababu ya kuyaweka maoni hayo mbele ya hakimu. Mimi nimeshangaa ni mara chache kiasi gani yanatajwa katika mahakama zilizoko umbali wa safari ya siku moja kwa basi kutoka jengo yalikotolewa.

Najua wasomaji wanaoishi Sinza, Kinondoni, Buguruni au Temeke watasema kwamba mimi naandika sheria na wao wanaishi na kelele. Wana haki ya kulalamika. Kupita na watoto asubuhi kwenye uchochoro uliojaa chupa na kondomu zilizotumika si jambo la kumtaka mtu alizoee, na nyumba ya wageni inayopangisha vyumba kwa saa katikati ya makazi ni kero ya kweli. Lakini kero hiyo ina njia zake: leseni ya baa ina masharti ya muda na kelele, halmashauri ina maofisa biashara na maofisa afya, mwenye nyumba anajulikana kwa jina katika ofisi ya serikali ya mtaa, na kifungu cha 148 kipo kwa ajili yake. Msako wa usiku mmoja hauondoi hata moja kati ya hayo. Na binti aliye chini ya miaka 18 akikutwa humo, sheria inamtambua kuwa ni mhanga wa kosa zito, kwa hiyo anapaswa kupelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, si kupangwa mstari mmoja na watu wazima wapigwe picha.

Hapo ndipo ninapolifikia gazeti lako, Mhariri, kwa heshima zote. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza kumtendea mtu aliyeshtakiwa kama mwenye kosa kabla hajathibitika kuwa nalo. Picha ya wanawake waliokaa chini wakijifunika nyuso kwa kanga na mikoba, yenye maelezo kwamba ni "makahaba waliokamatwa", imeshawatia hatiani kabla ya hati ya mashtaka kuandikwa, na wale watakaoachiwa hawatapata picha ya pili. Naomba chumba cha habari kiandike "wanaotuhumiwa", kifiche nyuso, na mwandishi aliyekwenda na gari la msako atumwe pia mahakamani kuangalia shauri liliishaje.

Kwa wenzangu wa Chama cha Mawakili Tanganyika, ombi langu ni la utaratibu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa hakimu uwezo wa kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada pale haki inapohitaji hivyo, na imewatambua wasaidizi wa kisheria ambao wako katika kata nyingi. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imefika mikoani kushughulikia ardhi, mirathi na ndoa, na imefanya kazi nzuri. Sioni sababu ya zamu za mawakili na wasaidizi hao kutopangwa katika mahakama za mwanzo za Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya kila Jumatatu asubuhi, kabla shtaka la kwanza halijasomwa. Nusu saa inatosha kumweleza kila mwanamke aliyeko mahabusu ya mahakama kwamba ana haki ya kukana, kwamba dhamana inaombwa hivi, kwamba atakachosema kiandikwe chote, na kwamba adhabu ya juu kabisa ya kifungu hicho ni ile niliyoitaja, si miaka aliyotishiwa kituoni.

Wabunge nao wanacho cha kufanya. Ikiwa bado wanaona kuna haja ya kuzuia ushawishi wa ngono barabarani, waandike kosa linalotaja kitendo, kama Waingereza wenyewe walivyofanya mwaka 2009 walipoliondoa neno kahaba katika sheria yao ya makosa ya mitaani na kuweka sharti la kitendo kurudiwa. Mpaka siku hiyo, mimi nitaendelea kuuliza mashahidi mwanga ulitoka wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wakili wa kujitegemea,
Kinondoni, Dar es Salaam